Mlango wa Marko na Ngamia wa Eedo

Kuna watu katika soko la mifugo la Garissa ambao mpaka leo wakiniona wananyoosha mkono hewani, wanajifanya wanashika kitasa cha mlango, kisha wanacheka mpaka wanainama, na mimi napita kama sijaona, lakini nimeona, na nimewahesabu: ni kumi na wanne (mwanzo nilipata kumi na watatu, nikarudia). Kwa kuwa kila mmoja anakisimulia kisa hiki anavyotaka, na juzi nimesikia mtu akisimulia kwamba nililia, heri niseme mwenyewe. Sikulia. Mengine yote waliyoyasema ni kweli, na aibu yote ni yangu.

Jina langu ni Yussuf lakini sokoni wananiita Laba Jeer, maana yake "mara mbili", kwa sababu sihesabu kitu mara moja, hata vidole vyangu baada ya kusalimiana na watu fulani. Kazi yangu ni udalali wa ngamia. Na kwa msiotujua, sisi bei hatuitangazi kwa mdomo. Mwenye mali na mnunuzi wanapeana mkono wa kulia, juu ya mikono linatupwa shali, na chini ya shali vidole ndivyo vinavyozungumza: kinashikwa kimoja, vinashikwa viwili, kinaguswa nusu kidole, na huku juu nyuso zinaongea habari za mvua ya Eldas na nani kaoa Masalani. Watu ishirini wanaweza kuwazunguka na asijue hata mmoja mmefika wapi. Ukikubali, unafumba kiganja chako chote juu ya mkono wa mwenzako na kuubana mara moja. Basi. Yeye anasema "Barako!", yaani Mungu atie baraka, na ngamia amepata mwenyewe mpya. Hakuna karatasi wala sahihi. Nimekula kwa kanuni hiyo miaka kumi na moja, na wapo walionirudia wakijuta, mmoja alikuwa mzee wa Diff mwenye kikohozi, nikawaambia kwa upole kabisa, "Mkono ni mkono." Nilikuwa napenda sana kulisema neno hilo.

Sasa turudi kwenye chanzo cha balaa. Jirani yangu mwenye duka la simu alinitilia kwenye simu sizoni moja ya filamu, sehemu kumi, imetafsiriwa kwa Kiswahili, inamhusu mtu anaitwa Marko, fundi wa saa, aliyemuua mshirika wake kwa hasira ya dakika moja kisha akaingia mitini. Anasakwa na inspekta mmoja mwanamke anayechechemea, mpole mpaka anaogopesha. Mimi si mtu wa mambo ya bastola, nilitaka kuangalia sehemu moja tu nimridhishe jirani. Lakini kitu kilinishika, nacho si yale mambo ya magari kukimbizana. Ni kwamba yule Marko alitaka kukamatwa. Anakwenda mpaka mlangoni mwa kituo cha polisi, anasimama, anarudi. Nilihesabu, mara saba. Nikahesabu upya nikapata sita, kwa sababu mara moja alikuwa anapita kununua mkate. Akirudi chumbani anasimama mbele ya kioo na kuzungumza na nafsi yake: nusu inamwambia nenda ukaseme, nusu inamwambia funga begi. Na mikono yake, ambayo zamani iliweza kuokota skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, sasa inatetemeka hata kushika kijiko. Mimi kama dalali niliiona biashara pale. Nilimwona mnunuzi na muuzaji ndani ya shati moja, wanavutana siku nenda siku rudi, na hakuna anayefumba mkono. Nikawa nataka kujua, kwa udadisi tu wa kikazi, watafunga wapi.

Siku ya mkasa, asubuhi, nilikuwa nimefika sehemu ya tisa na zimebaki dakika kumi na mbili.

Asubuhi hiyo hiyo Eedo alileta ngamia. Eedo ni shangazi yangu Halima, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu sijaota meno ya mbele mara ya pili. Eedo alikuwa na ngamia kumi na mmoja. Ukame ule mbaya ulimchukulia tisa, akabaki na Deqa, jike lenye maziwa, na dume la Deqa la miaka mitatu, halafu Mungu akamwongezea ndama, ambaye siku hiyo alikuwa na miezi minne na amefungwa nyumbani akimlilia mama yake. Lililokuja kuuzwa ni lile dume, Eedo apate mabati. Deqa alikuja kwa sababu dume lake, pamoja na ukubwa ule wote, halitembei hatua bila mama (tunao hata watu wa namna hiyo).

"Yussuf," Eedo akaniambia akinipa kamba zote mbili, "dume uza. Deqa hauzwi hata ukipewa Nairobi nzima na taa zake."

"Najua, Eedo."

"Sema."

"Deqa hauzwi."

"Haya. Naenda kuwasalimia wenzangu wa maziwa hapo ng'ambo ya barabara, nitarudi chai haijapoa."

Akaenda. Mimi nikasimama katikati ya ngamia wawili, nikachomeka waya wa simu sikio la kushoto, kofia nikaishusha kidogo, simu nikaishika kwa mkono wa kushoto nyuma ya shingo ya Deqa, na Marko akaendelea. Alikuwa amefika kijijini kwa mama yake.

Ndipo akaja Haji Dubow, mswaki mdomoni. Haji ananunua ngamia wa kupeleka Nairobi, lori lake huwa limeegeshwa pale penye ngazi ya kupakilia, na ni mtu ambaye hajawahi kurudisha alichonunua wala kurudi nyuma katika alichosema. Akamzunguka Deqa mara moja, hakulitazama dume hata kidogo.

"Huyu jike?"

"Hauzwi, Haji."

"Kwani nimeuliza kama anauzwa? Nimeuliza kama una mkono."

Hapo ndipo penye uamuzi wangu mdogo, mdogo kama punje ya mtama. Ningesema hapana, mngekuwa hamsomi haya. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kingefika wapi, hata kisichouzwa (nimewahi kupatana bei ya mnara wa maji), nikajiambia, nimpe tu mkono nijue Deqa angefikia ngapi, nimwambie Eedo afurahi, hasara iko wapi? Nikampa mkono. Haji akatupa shali lake juu. Akaanza na bei ya salamu, ile ya chini kabisa ya kuanzia, bei ya mbuzi mwenye homa, ambayo hata yeye mwenyewe alikuwa anaitoa huku akitazama pembeni kwa haya.

Na huku kwa jicho la kushoto, Marko amesimama nje ya nyumba ya mama yake. Dirishani anamwona inspekta amekaa ndani, amepewa chai, mama anamkatia keki, wanawake wawili wanaongea habari za maua na wote wawili wanajua, na hakuna anayesema. Begi liko begani mwa Marko. Barabara ya kukimbilia iko nyuma, tupu. Muziki ukakatika. Marko akanyoosha mkono kwenye kitasa. Mimi nikasema kimoyomoyo, fungua bwana, fungua yaishe, sehemu tisa hizi, fungua! Marko akafumba vidole juu ya kitasa.

Na mimi nikafumba.

"Barako!" akasema Haji, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani na bado anatazama kama mwenyewe anakuja.

Nilitazama shali. Nilitazama mkono ukitoka chini yake kama mkono wa mtu mwingine. Na nikamwona Eedo akivuka barabara, kikombe cha chai mkononi, ananiletea mimi.

"Sijafumba," nikasema.

Haji akautoa mswaki mdomoni. "Umesemaje?"

"Sijafumba, Haji. Labda wewe umehisi... Sijafumba."

Soko letu lina masikio. Kabla sijamaliza hata sentensi walikuwa wamejaa, na mmoja wa wapakiaji wa Haji, ambaye alisikia "barako" na hakusikia kingine, alikuwa ameshampaka Deqa mstari mwekundu pajani, alama ya lori. Dereva wa lori, Mutua, mtu wa Mwingi, akapiga kelele kutoka juu: "Haji, huyu naye apande? Jua linakuwa kali na hawa wengine wameanza kugombana!"

"Fungulia mlango," Haji akamjibu kwa Kiswahili chake, "na huyu umfunge fizuri, ana nguvu."

Eedo akafika. Aliutazama ule mstari mwekundu muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Nani amempaka huyu rangi?"

"Mimi nimemnunua," akasema Haji. "Mwana wa ndugu yako amefumba."

Eedo akanigeukia. "Ulifumba?"

Na hapo, wapenzi, nilikuwa na nafasi nyingine kabisa, mpya, safi, haijatumika. "Sikufumba, Eedo."

Lingekuwa limeishia hapo ningekuwa na uongo mara mbili tu. Lakini Eedo aliweka kikombe chini, akajifunga mtandio, akawageukia watu wote wale, akainua kidole. "Wallahi hakufumba! Mnanisikia? Huyu nimemlea mimi, akivunja sahani alikuwa anakuja kuniamsha usingizini aniambie. Kama amesema hakufumba, naapa kwa niaba yake, hakufumba!"

Sahani ni kweli. Nilikuwa na miaka saba.

Wakatuita mbele ya wazee wa soko, ambao hukaa chini ya mabati karibu na ngazi ya kupakilia, juu ya madumu yaliyopinduliwa. Mkubwa wao ni Mzee Shukri, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, mtu anayeuliza maswali mpaka unasahau ulichotaka kuficha. Akaeleza hukumu yetu ilivyo, ingawa sote tunaijua: yanayopita chini ya shali yanajulikana na wawili na Mola wao, kwa hiyo shahidi hakuna, ni kiapo tu. Anayedaiwa kufumba ataapa. Akiapa, ngamia anarudi nyumbani na mnunuzi anabaki na neno lake. Msahafu ukaletwa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani.

Acheni niwaambie nilichokuwa nakifikiri, maana hapa ndipo wanaonisimulia huwa wanaparuka. Nilikuwa nafikiri: hakuna aliyeona. Shali lile ni nene. Nikisema maneno matatu, ndama atanyonya leo. Na nikamtazama Haji, nikaona jambo ambalo sikulitegemea, kwamba Haji naye anaogopa. Nikiapa mimi, basi yeye ni mtu anayedai mkono usiofumba, na kesho nani atampa mkono? Hana kingine cha kununulia ngamia zaidi ya kuaminiwa mkono ule. Akaniambia polepole, bila hasira, "Laba Jeer, wewe unanijua."

Nikahesabu njia za kutoka. Zilikuwa mbili, na katika moja alikuwa amesimama Eedo. Nikahesabu tena, zikawa mbili zile zile. Nusu yangu ikasema, sema. Nusu ikasema, apa, utatubu Ijumaa. Nikagundua kwamba midomo yangu inacheza, kama mtu mbele ya kioo.

"Mbona huapi?" akauliza Mzee Shukri. Kisha akainama mbele, akasogeza miwani. "Na huo uzi unaotoka sikioni ni wa nini? Unaumwa?"

Nilikuwa nimeusahau. Nikauvuta haraka niufiche, nikauvuta wote, ukachomoka kwenye simu. Na simu, ambayo wakati wote huo ilikuwa inaendelea mfukoni mwa shati nilikoitia, ilikuwa imeshaingia sehemu ya kumi yenyewe, na sehemu ya kumi inaanza kwa kukumbusha yaliyopita. Basi kutoka kifuani pangu, mbele ya wazee, ikatoka sauti nzito ya mwanamume aliyechoka:

"Nilimuua! Nilimuua kwa mkono huu huu!"

Watu walirudi nyuma hatua tatu. Mutua akasema, "Ai, mimi wacha nirudi kwa lori." Mzee mmoja akaufunika Msahafu kwa shali lake, kama wa kuulinda na mimi. Nikawa nabonyeza simu, nayo kwa ule wasiwasi ikaongeza sauti, Marko akalia soko zima likasikia, mpaka nilipoikamata na kuinyamazisha.

"Nani ameuawa?" akauliza Mzee Shukri.

Nikasema yote. Nilianzia kwa jirani wa duka la simu, nikapita kwa Marko na kioo, nikafika kwa Haji na mkono, nikafika kwenye kitasa. Nikasema, "Nilifumba. Sikukusudia kufumba, nilikuwa nafungua mlango, lakini mkono ulifumba, na Haji alisema kweli, na mimi nilisema uongo mara tatu." Nikahesabu. "Mara mbili. Mara ya tatu alisema Eedo, lakini ni yangu."

Alianza Mutua kucheka, kule juu ya lori. Kisha soko zima. Nimewahi kuona ngamia wakitoroka kwa pamoja, vumbi lake ni kama lile. Walinishika mabega, wakashikana wao kwa wao, mmoja akaanza pale pale ule mchezo wa kushika kitasa hewani. Eedo hakucheka. Haji naye hakucheka, alikuwa ananitazama kwa makini, kichwa upande, kama anayetazama meno ya ngamia.

"Leta huo mlango tuuone," akasema Mzee Shukri.

"Mzee, tuna kesi."

"Na huo ndio ushahidi. Leta."

Basi nikairudisha sehemu ya tisa, wazee wanne wakasogeza madumu, Haji akasimama nyuma yao, Mutua akashuka, na mimi nikawa nawatafsiria kwa Kisomali, nikiwa mshtakiwa, shahidi na mkalimani kwa wakati mmoja (na hakuna aliyenilipa hata moja). Walitazama Marko akitembea na begi lake. Mzee Shukri akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa yule mama wa keki."

"Hapana. Wa ukoo gani? Wako wapi wazee wake?"

"Hawaonyeshwi."

"Sehemu tisa hawaonyeshwi?" Alishtuka kweli. "Mtu ameua, na ndugu zake hawajakaa? Hawajaenda kwa wenye maiti kuomba? Hakuna aliyetaja fidia, ngamia mia, hata hamsini wa kuanzia mazungumzo?"

"Kwao hawana hayo, Mzee. Kila mtu na lake."

Mzee Shukri akairudisha miwani puani, akamtazama Marko pale nje ya dirisha kwa huruma ambayo mimi sikuonyeshwa siku hiyo. "Ndiyo maana anaongea na kioo," akasema. "Hana mtu."

Wakatazama mpaka vidole vikafumba juu ya kitasa, picha ikakatika, majina ya watu yakaanza kupanda. Mzee wa pembeni akaguna. Mutua akauliza, "Anafungua?" nikasema sijui, nilikuwa hapa na nyinyi.

"Sawa," akasema Mzee Shukri, akanyoosha mgongo, na sauti ikarudi kuwa ya kazi. "Mkono ulifumba?"

"Ulifumba."

"Moyo ulikuwa wapi si kazi ya soko. Tukianza kuuliza moyo ulikuwa wapi, hakuna ngamia atakayelala kwa mnunuzi wake. Deqa ni wa Haji."

Ni hukumu ya haki. Ningeitoa mimi mwenyewe, na yule mzee wa Diff mwenye kikohozi ni shahidi wangu. Eedo alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, akashika mguu wa mbele wa Deqa kama mtu anavyoshika nguzo ya nyumba yake. Wapakiaji wawili wakaja na kamba, wakaona amekaa vile, wakasimama.

Nikamfuata Haji. "Nina dume langu, lipo langoni, nimelileta kuchanjwa. Miaka sita, halina kasoro, unalijua. Lichukue badala yake."

"Lile uliloliweka la mahari yako?"

"Ndilo." (Soko letu lina masikio, nilishasema.)

Haji akaurudisha mswaki wake mdomoni, akatafuna kidogo. "Ngamia ni ngamia, tutabadilishana. Lakini umeniita mwongo mbele ya watu hawa."

"Ndiyo."

"Panda pale useme."

Pale ni juu ya ngazi ya kupakilia, wanakopita ngamia kuingia lorini, mahali palipoinuka kuliko pote sokoni. Nikapanda. Mavi yalikuwa mabichi, nikateleza, nikashika nguzo. Nikapaza sauti: "Haji Dubow amesema kweli! Mwongo ni mimi!"

"Upande wa mbuzi hawajasikia," akasema Haji kutoka chini.

Nikageukia upande wa mbuzi, nikasema tena. Wa mbuzi wakapiga makofi. Kuna aliyeuliza kama nitarudi kesho.

Nilipokuwa nashuka Haji akanyoosha kiganja, si cha kuagana. "Na simu."

"Haji!"

"Nitakurudishia. Safari ni ndefu na Mutua hana hadithi."

"Haji, hata mimi sijaona mwisho."

"Najua," akasema. Hakutaka kupatana, na mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, sikuwa na pa kusimama kupatana. Nikampa. Lori likaondoka na dume langu likitazama nyuma, na kichwa cha Haji dirishani kimeinama, kimeshaanza kutazama.

Njiani kurudi, Eedo alitangulia na Deqa, mimi nyuma na lile dume lake (dalali mwingine aliliuza wiki iliyofuata, mimi sikuguswa mkono na mtu mwezi mzima). Tulitembea mpaka nyumba zikaanza kuachana ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Ngamia ningekusamehe pale pale, Yussuf. Ngamia wanakufa, ngamia wanauzwa. Lakini umenifanya nimtaje Mungu juu ya uongo."

Nikamwambia hakujua, na asiyejua hana dhambi. Akaenda kumuuliza sheikh, sheikh akamwambia hivyo hivyo, kwamba aliyeapa akiamini anasema kweli halipi chochote. Eedo akamshukuru, akatoka, akasema sheikh hajui neno lile limekaa vipi kooni mwake, na kesho yake akaanza kufunga siku tatu za kafara. Mwanamke wa umri ule, katika joto lile la Garissa, kwa kosa langu. Na mimi nikafunga. Sikumwambia. Nilikwenda tu kila siku kumchotea maji na kumsafisha Deqa ile rangi, ambayo, niwaambie, haitoki kwa sabuni, haitoki kwa mchanga, inatoka kwa siku.

Siku ya tatu alasiri Haji akarudi kutoka Nairobi, akanipitia pale kwa Eedo, akanipa simu bila kuketi. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mutua alishaniambia, kwa kupiga simu ya yule jirani yangu wa duka, kwamba Haji alimsimamisha Mwingi saa nzima amalize bila kutikiswa.

Nikamuuliza. Ningejizuia, lakini mnanijua sasa.

"Alifungua?"

"Alifungua." Akatazama yale maji, na mimi, na Deqa mwenye paja la waridi. "Mama yake alikuwa ameshaweka kikombe cha tatu. Mjinga yule. Angefungua sehemu ya kwanza, wote tungelala mapema."

Akaenda zake. Mimi sehemu ya kumi sijaitazama mpaka leo. Niliifuta, kisha nikahakikisha nimeifuta. Sasa nikiwa sokoni masikio yangu yako wazi yote mawili, na kisichouzwa sikipi mkono hata kwa salamu, na mkono wangu ukifumba pabaya, nasema umefumba kabla Mzee Shukri hajakaa juu ya dumu lake. Ni njia ya ghali. Imenigharimu ngamia mmoja na, kwa sasa, harusi moja.

Jua la siku ile lilipotua, Eedo alikuwa amekaa mlangoni na tende zake. Alimkamua Deqa mwenyewe baada ya ndama kushiba, kilipatikana kikombe kimoja, na adhana ilipolia akafuturu kwa tende, akanywa, akashusha kikombe, akanitazama midomo yangu ilivyokauka. Hakuuliza nilianza lini. Akaninyooshea kikombe, kimebaki nusu.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipewa nusu ya kitu, na sikuomba kuongezwa.